Mtego wa Namba Tisa

Wiki iliyopita, msomaji, tulimwacha Mwalimu Gahongayire amesimama katikati ya mkahawa wa Mama Kaliza, pale Biryogo, mjini Kigali, mkono juu kama mwanafunzi anayeomba ruhusa ya kutoka nje.

Tulimwacha pia Bwana Viateur, mhariri wa gazeti la Kengele, kalamu yake imekwisha kugusa mkataba. Kuchelewa kidogo tu, na meza ya ofisini, mshahara wa kila mwezi, na jina juu ya chemshabongo ya kila wiki vingekuwa mali ya Bwana Melchior wa wizarani.

"Kabla hujasaini," alisema Gahongayire, "Bwana Melchior atueleze namba tisa ya chemshabongo, kwenda kulia."

Vijiko vilitulia kwenye vikombe.

"Namba tisa?" Bwana Melchior alicheka. Alikuwa amevaa tai, na ilikuwa Jumapili. "Mwalimu, wewe umesoma. Namba tisa hata mtoto anaiona."

"Basi itakuwa rahisi kuieleza."

Kwa wale waliochelewa kuanza hadithi hii: kwa mwaka mzima chemshabongo ya Kengele ilitungwa na mtu anayejiita Mtego. Hakuna aliyemjua. Mafumbo yake yalisukumwa chini ya mlango wa gazeti na mkono usioonekana. Kigali nzima ilikisia, na mwishowe ikaamua ni Bwana Melchior, kwa sababu anafanya kazi Kacyiru kwenye wizara, anasema Kifaransa, na akiulizwa kama yeye ndiye, anatabasamu.

Hakusema ndiyo hata mara moja. Tabasamu lilifanya kazi yote.

Mtego wa kweli ni Mwalimu Gahongayire. Siri hiyo alikuwa nayo yeye na Mungu wake, na sisi tunaosoma.

Alikuwa amenyamaza kwa sababu moja, na sababu hiyo ina koti refu. Diregiteri Mutabazi, mkuu wa shule anayofundisha, alikuwa amepiga marufuku. Tangu vyama vingi viingie, alisema, kila gazeti lina chama chake, na mwalimu anayeandika gazetini ameleta chama darasani. Gazeti la Kengele halina chama. Diregiteri alisema hilo ndilo baya zaidi, maana linakificha.

Kwa hiyo akisema, anapoteza shule, na shule ndiyo inayomlisha yeye na mama yake. Akinyamaza, mwaka mzima wa akili yake unasainiwa na mtu mwingine mbele ya macho yake.

"Aeleze!" mtu alipiga kelele kutoka meza ya sambusa.

"Ndiyo sheria," alisema Mama Kaliza, mwenye mkahawa na mwenyekiti wa wafumbuaji. "Hapa kwangu jibu peke yake halina kazi. Mtu anasimama, anafungua. Bwana Melchior, simama, baba. Tai isikuzuie."

Hiyo ndiyo ilikuwa desturi ya mkahawa ule. Mfumbuaji akieleza vizuri, wote wanagonga vikombe kwa vijiko na kusema, "Imefunguka!" Akishindwa, wanageuza vikombe na kusema, "Imefungwa!" Nimewaona watu wazima wakitoka pale wakilia kwa ajili ya vikombe vilivyogeuzwa.

Bwana Melchior alisimama. Alinyoosha gazeti. Alisoma kwa sauti ya redioni.

"Namba tisa, kwenda kulia, herufi nne. 'Amri kwa mkulima utamkuta mla panya katikati.'"

Alikuna kidevu, ili watu waone kwamba anafikiri.

"Écoutez, sikilizeni. Mkulima anaamriwa nini? Alinde mavuno. Mavuno yako wapi? Ghalani. Ghalani kuna nani? Panya. Sasa, kati ya mkulima huku na panya kule, nani yuko katikati?"

"Paka!" walisema watu watatu kwa pamoja.

"Voilà. PAKA. Herufi nne."

"Imefunguka!" Vijiko vililia kama kanisa siku ya Pasaka.

"Na namba kumi?" aliuliza Gahongayire. "Namba kumi haina maneno kabisa. Imechapwa namba, halafu nafasi nyeupe."

Hapo, msomaji, mimi mwenyewe nilidhani amemkamata.

Lakini Bwana Melchior alifumba macho kwa huruma, kama daktari mbele ya mgonjwa.

"Madame, hiyo ndiyo kubwa kuliko zote. Dokezo halina kitu. Ni tupu. Na jibu lake ni nini? TUPU. Herufi nne."

Mkahawa ulilipuka. Mzee mmoja alivua kofia. Mwingine alimkumbatia jirani ambaye hawakuwa wakisalimiana tangu mwaka wa kwanza wa vyama. "Tupu! Yampaye inka, naapa kwa aliyenipa ng'ombe! Tupu!" Vijiko viligonga mpaka kikombe kimoja kikapasuka, na Mama Kaliza, ambaye hajawahi kusamehe kikombe, alikisamehe.

"Imefunguka!" ilisikika sauti moja nzito kuliko zote, kutoka meza ya nyuma.

Gahongayire aliijua sauti ile. Huisikia kila asubuhi ikihesabu waliochelewa. Aligeuza shingo taratibu.

Kwenye meza ya nyuma, nyuma ya mkungu wa ndizi wa Mama Kaliza, alikaa Diregiteri Mutabazi.

Gahongayire aligeuka mbele upesi, na si kwa sababu ya marufuku peke yake. Kulikuwa na namba kumi na saba.

Hebu niwaambie. Diregiteri Mutabazi ana koti ambalo nyuma linashuka karibu na visigino. Kila asubuhi huzunguka uwanja wa shule, na kila hatua kadhaa hugeuka kulitazama, asije akaliburuza kwenye vumbi. Wiki ile Gahongayire alikuwa amekasirika naye, na hasira ikamtoka kwa kalamu. Namba kumi na saba ilisema: "Huzunguka shuleni akitazama mkia wake, pita usiku, utamkuta katikati."

Ukiandika "pita usiku" kwa pamoja na ukakata herufi mbili huku na mbili kule, katikati inabaki TAUSI. Biryogo nzima ilikuwa imeipata, na Biryogo nzima ilijua ni tausi gani. Gahongayire aliungama kwa Padri Jumamosi, akapewa sala za kutubu, akazisali zote kwa moyo. Lakini gazeti lilikwisha kuchapwa, na sala haifuti wino.

"Mwalimu, umeridhika?" alisema Bwana Viateur, kalamu juu. "Niendelee?"

Gahongayire angeweza kukaa chini. Kiti kilikuwa pale pale.

"Sijaridhika," alisema. "Fumbo la Mtego lina miguu miwili. Mguu mmoja ni maana, wa pili ni herufi. Yote miwili lazima ifike kwenye jibu lile lile. Bwana Melchior ametuonyesha ghala, panya na paka. Herufi ziko wapi? Ni neno gani ndani ya dokezo linalotoa P, A, K, A?"

Watu walitazamana.

"Herufi?" alisema Bwana Melchior. "Madame anahesabu herufi. Mtego anafikiri."

Kicheko.

"Na ukiandika TUPU kwenye kumi," Gahongayire aliendelea, "herufi ya pili inakuwa U. Inapita juu ya neno linaloshuka, lile la 'Bara, kisha bara tena, magari yanapita.' Jibu ni BARABARA. Kwa TUPU yako inakuwa BARUBARA. Barubara ni kitu gani?"

Bwana Viateur aliinamia gazeti, akafuata kwa kidole.

Bwana Melchior hakutikisika hata unywele.

"Mwalimu, umewahi kupita njia ya kwenda Masoro wakati wa mvua? Ile si barabara, Madame. Ile ni barubara."

Loo! Watu walicheka mpaka wakashikana mabega. Mzee wa kofia alisema amepita barubara hiyo na baiskeli na hadi leo mgongo unamuuma. Mama Kaliza alifuta machozi kwa kona ya kanga.

"Imefungwa, mwalimu!" walisema, na vikombe vikageuzwa, kimoja baada ya kingine, mbele ya mwanamke aliyeyatunga maneno yale kwa mkono wake. "Imefungwa! Kaa!"

Tusiwalaumu sana. Ulikuwa mwaka wa 1992, na Kigali nzima ilikuwa mji wa waelezaji. Kiongozi akisema jambo lisilo na kichwa wala miguu, jioni kuna watu kumi wa kulieleza, na aliyekiri kwamba hakuelewa ndiye aliyetiliwa mashaka. Nani angekuwa na moyo wa kusema kwamba namba tisa haina maana?

Mmoja tu.

"Namba tisa haina maana," alisema Gahongayire.

"Weye!" alisema Mama Kaliza. "Fumbo la Mtego?"

"Halina maana kwa sababu limekatwa. Mafumbo yalikuwa mawili. Kwenye kiwanda cha uchapaji yakaunganishwa. La tisa lilisema, 'Amri kwa mkulima ni mali iliyogeuka.' Geuzeni mali: MA-LI, LI-MA. Mkulima anaambiwa nini? Lima! Miguu miwili. La kumi lilisema, 'Ukimwambia mgeni hapa kaa, utamkuta mla panya katikati.' Andikeni 'hapa kaa' bila nafasi. Anzieni herufi ya tatu."

Kalamu zilitoka mifukoni. Midomo ilisogea. H, A, halafu P, A, K, A.

"Paka yumo," alisema mzee wa kofia polepole. "Yumo kweli. Amekaa ndani."

"Na herufi ya pili, A, inaiacha barabara iwe barabara," alisema mwingine.

Kikombe kimoja kiligeuzwa kikatazama juu tena. Halafu cha pili.

Hapo ndipo Bwana Melchior alipouma. Aliuliza kwa upole, na upole wake ulikuwa na meno.

"Vizuri sana. Lakini maneno hayo hayakuchapwa popote. Wewe umeyajuaje, Mwalimu? Uliyaona wapi?"

Mkahawa wote ulimgeukia. Meza ya nyuma nayo iligeuka.

Gahongayire alifumba macho. Hakuomba muujiza. Alisema moyoni, "Bwana, nimedanganya kwa kunyamaza mwaka mzima. Nipe ulimi sasa, na kesho unitafutie chakula."

Akafumbua macho.

"Sikuyaona popote. Niliyatunga. Mtego ni mimi."

Kilichofuata hakikuwa makofi, msomaji. Kilikuwa kicheko, na kilikuwa kibaya kuliko cha kwanza.

"Yeye!" "Mtego ana gauni!" "Mwalimu, hata mimi nilimtungia diwani wangu hotuba!" Bwana Melchior alimvutia kiti kwa adabu nyingi na kuomba aletewe maji.

"Ni joto," aliwaambia watu. "Msimcheke. Ni joto la mchana."

"Bwana Viateur," alisema Gahongayire bila kukigusa kiti, "Jumatatu Mtego alikupigia simu."

Mhariri aliacha kucheka.

"Alikupigia kutoka posta. Sauti ilikuwa nzito, wewe ukawaambia watu Mtego anavuta sigara. Ilikuwa kitambaa mdomoni. Alilalamika kwamba namba tisa na kumi zimeharibiwa, akakuomba uchape sahihisho. Ndivyo?"

"Simu... zinakuja nyingi," alisema Bwana Viateur.

"Ulimjibu nini?"

"Sikumbuki."

"Wewe na Mtego tu ndio mnaojua jibu lile. Bwana Melchior, kama ni wewe uliyepiga, waambie watu mhariri alisema nini."

Tabasamu la Bwana Melchior lilibaki usoni, lakini mwenyewe alikuwa amekwisha kuondoka. "Mambo ya ofisi," alisema, "hayasemwi mkahawani."

"Basi nitayasema mimi. Bwana Viateur alisema: 'Acha tu. Wasomaji wetu hawatagundua. Wape hata kinyesi cha ng'ombe, wataeleza kwa nini ni asali.'"

Ulisikia mafuta ya sambusa yakichemka.

Sasa tazama shida ya Bwana Viateur. Akikataa, Mtego wake wa kweli anaondoka na gazeti linabaki na mtu wa barubara. Akikubali, amewatukana wanunuzi wake, na wote wako hapa, na baadhi yao wameshika uma.

Mama Kaliza alikuja polepole akasimama mbele yake, mikono kiunoni.

"Viateur. Mtoto wangu. Ulisema sisi ni watu wa kinyesi?"

"Mama, ilikuwa... nilikuwa nimechoka. Fundi alikuwa amekata mistari, karatasi zimekwisha..."

"Ulisema?"

Mhariri aliinamisha kichwa.

"Nilisema."

Kelele zilizopanda hazifai kuandikwa katika gazeti linaloingia nyumba za wacha Mungu. Itoshe kusema kwamba Bwana Viateur alipata majina mapya, na mengine yalikuwa na herufi zaidi ya nne.

"Lakini nataka kusema jambo," alisema Bwana Melchior, akinyoosha tai. "Mimi sikusema hata siku moja kwamba ni Mtego. Nani aliwahi kunisikia?"

Walifikiri. Ilikuwa kweli. Hakuna aliyewahi kumsikia.

"Nyinyi mlisema. Mimi nilieleza tu. Na namba tisa niliieleza vizuri, mkagonga vikombe. Nani aligonga mpaka akapasua?"

Kila mtu alitazama kijiko cha mwenzake. Bwana Melchior alichukua gazeti lake, akaaga kwa Kifaransa, akatoka akiwa wima kama mtu aliyeshinda. Mlangoni aliinama kidogo, na hapo kila mtu aliona kwamba masikio yake yamekuwa mekundu.

"Mimi nilishuku zamani," alisema mzee wa kofia. "Ile TUPU ilinipa wasiwasi."

"Hata mimi," alisema aliyekumbatiwa.

Wote walikuwa wameshuku zamani. Ni ajabu jinsi mtu mwerevu anavyoweza kushuku huku akigonga kikombe.

"Imefunguka," alisema Mama Kaliza, na safari hii alisema taratibu, akimtazama Gahongayire. Vijiko vilimfuata, kwa aibu kwanza, kisha kwa nguvu.

Bwana Viateur alifuta jina la Melchior kwenye mkataba. Alifuta mara mbili, ili aonekane.

"Mwalimu. Mtego. Samahani sana. Nipe jina lako kamili, niliandike. Litachapwa juu ya ukurasa, herufi kubwa."

Gahongayire alifungua mdomo.

"Mwalimu Gahongayire."

Jina lilikuwa lake, ila sauti ilitoka nyuma.

Diregiteri Mutabazi alikuwa amesimama. Koti liliteremka nyuma yake mpaka karibu na sakafu. Watu walimpisha, naye akaja kati ya meza kwa mwendo ule ule wa asubuhi.

"Mimi nimekataza nini shuleni kwangu?"

"Kuandika magazetini, Diregiteri."

"Kesho asubuhi, ofisini kwangu. Uje na funguo za darasa."

Bwana Viateur aliuondoa mkataba taratibu, kama mtu anayeondoa sahani ya mgeni aliyekufa. Gahongayire alihisi mama yake nyumbani, jiko lake, chumvi yake, vyote vikimtazama.

Ndipo alipoona mkono wa Diregiteri.

Ulishika gazeti la Kengele. Lilikunjwa kwenye ukurasa wa chemshabongo. Visanduku vilijazwa wino mwekundu, ule ule unaosahihisha mitihani ya shule. Kwenye kumi kuliandikwa TUPU, na chini yake, mistari miwili ya furaha.

"Nitakuja, Diregiteri," alisema. "Nawe uje na gazeti lako."

Mtu alikohoa. Mtu mwingine alikohoa kwa nguvu zaidi, kwa sababu hakikuwa kikohozi.

Diregiteri alilitazama gazeti kana kwamba lilipachikwa mkononi mwake na wachawi.

"Hili nalisoma ili nimjue adui."

"Na adui umemjaza vizuri, mzee wangu," alisema Mama Kaliza. "Kasoro neno moja."

Diregiteri alikuwa akitazama mahali pa neno hilo moja. Uso wake ulibadilika. Ukali ulishuka, na chini yake, msomaji, kulikuwa na mateso ya mtu ambaye hajalala vizuri wiki nzima. Alimsogelea Gahongayire. Alipunguza sauti, lakini ile sauti haipunguki.

"Tuseme hivi, Mwalimu. Kuna moja imenishinda. Nimewauliza walimu, wote wanakumbuka wana daftari za kusahihisha. Nimemwuliza mke wangu, kila nikimwuliza anakimbilia jikoni. Namba kumi na saba."

Mama Kaliza aliweka chini sahani aliyokuwa akiifuta. Mzee wa kofia aliivaa kofia mpaka kwenye nyusi. Bwana Viateur alianza kutazama dari, na dari ya Mama Kaliza haina kitu cha kutazama.

"Unifungulie hiyo," alisema Diregiteri, "sasa hivi, hapa, kwa sheria za hapa, mguu wa kwanza na mguu wa pili. Ukinifungulia, kesho baki na funguo zako. Nitakuwa sikukuona. Ukikataa, nitajua unanidharau."

Gahongayire aliyatazama macho ya watu, mmoja mmoja, na kila jicho lilikimbia. Ni yeye aliyesema kila fumbo lina miguu miwili. Ni yeye aliyetaka namba tisa ielezwe mbele ya wote.

Diregiteri Mutabazi alitoa kalamu nyekundu. Kisha akageuza shingo, akatazama nyuma kuhakikisha kwamba koti halijagusa sakafu.

"Nakusikiliza, Mwalimu. Anza na maana. Herufi baadaye."